Paa la Baba Kutoka Angani

Kaka yangu Gwamaka ana kipaji cha kuwapa watu kazi kisha yeye kupanda basi. Safari hii alileta mifuko ya saruji ya kujengea kaburi la baba, akaipanga kwenye chumba cha nyuma cha steshenari yangu hapa Kyela mjini, akamwambia mama kwamba picha za dunia zilizopigwa angani ziko wazi mtandaoni, bure, na Kisa atazipekua mpaka alione kaburi. Kisa ndiye mimi. Baada ya hapo akarudi zake Mbeya.

Shida ni kwamba kaburi lenyewe hatujui liko wapi. Baba alizikwa nyumbani Ngonga, kwenye migomba, ubavuni mwa nyumba, kama tunavyozikana kwetu. Miaka michache baadaye mto ulifurika, ukabeba nyumba, migomba na msalaba wa mbao, ukamwaga mchanga juu ya kila kitu. Tukahamia mjini. Tuliporudi kutafuta, baba mdogo alituonyesha pahali pake na jirani akatuonyesha pengine kabisa, sisi tumesimama katikati ya mpunga wa watu kama wageni. Mama alitaka jambo moja tu: siku yake ikifika, alazwe kando ya mume wake. Alilisema kila jioni akichambua mchele.

Basi nikaanza. Wateja wakipungua mchana, nafungua hifadhi za picha. Nyingine wanaanga wamezipiga kwa mikono yao kupitia dirisha la chombo, nyingine zimepigwa na satelaiti, zote zimepangwa kwa tarehe na namba ndefu, na hakuna aliyejisumbua kuandika jina la kijiji cha mtu. Jangwa la Sahara limepigwa picha mpaka basi. Kyela ni mawingu. Januari mawingu, Machi mawingu, Aprili usiniambie. Mvua hiyo hiyo inayotupa mpunga na kokoa ndiyo imetuziba uso. Bando linaisha, umeme unakatika, ukirudi nakuta weupe mtupu mpaka kwenye Milima ya Livingstone. Macho yaliniuma, mgongo ukaniuma, na Gwamaka anapiga simu kuuliza tumefikia wapi. Tumefikia! Nilikuwa namchukia waziwazi.

Siku moja nilimwekea mama video iliyopigwa kutoka kwenye chombo cha hao wanaanga. Ziwa letu likaingia upande mmoja wa kioo, likatokea upande wa pili kabla hajavaa miwani.

"Mbona hawasimami?"

"Hawawezi, mama. Wanakwenda mbio sana."

"Yaani wanapita kwa watu bila kusalimia," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Picha niliipata nikiwa nimeshakata tamaa. Ilipigwa kiangazi, kabla ya mafuriko, na mwanaanga aliyekuwa na lenzi ndefu. Ziwa lilikuwa safi, barabara inaonekana, mto unaonekana, na karibu na paa la kanisa paliwaka kidoa cheupe. Lilikuwa bati letu. Baba aliezeka upya mwaka ule, miezi michache kabla hajafa, na lilikuwa linang'aa mpaka linaumiza macho. Nililia mbele ya mteja aliyekuja kupiga pasipoti saizi.

Kisha nikafanya kilichobaki. Nilichukua picha ya satelaiti ya mwaka huu, nikailaza juu ya ile, nikalinganisha kona ya barabara na kanisa, maana vyote viwili bado vipo. Mto ulikuwa umehama. Sasa ulipita ubavuni mwa ilipokuwa nyumba yetu, upande ule ule wa migomba. Baba alikuwa chini ya maji.

Kesho yake mama alikuja dukani amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba, kama anayekwenda kumwona mtu.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu. "Umempata?"

Nilikuwa nimechoka, nilimwonea huruma, na uongo ulikuwa karibu. Niliweka kidole upande wa pili wa paa. "Huyu hapa, mama. Pakavu kabisa."

Alivaa miwani. Akauliza kanisa liko wapi, nikamwonyesha. Barabara je? Nikamwonyesha. Akatembeza kidole taratibu kutoka kanisani mpaka kwenye paa, kama anavyorudi nyumbani baada ya ibada, akasimama kwenye kidole changu.

"Kisa, hapa palikuwa choo."

Aligonga kioo kwa ukucha.

"Baba yako alikichimba mwenyewe. Ndiyo mnataka mkanizike chooni?"

Nilicheka, nikashindwa kuendelea kucheka. Nikahamisha kidole mpaka majini.

"Juu yake kabisa?"

"Juu yake, mama."

"Ndaga, pole mwanangu. Hata wewe umechoka." Alivua miwani, akajifuta macho kwa pindo la kitenge, na machozi yakaendelea kuja. Nilimwambia tunaweza kuweka msalaba ukingoni. Alitikisa kichwa.

"Miaka yote namwambia namfuata pale pale aliponiacha, kumbe mwenzangu ameshahama bila kuaga." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Mimi mnipeleke kwetu Busale, mkanilaze kando ya mama yangu, kule juu mlimani. Sitaki wanangu mje mnitafute angani."