Kitovu Hakijadondoka

Rozina alimkataza bintiye kwa simu: kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, mgeni asivuke kizingiti. Ndivyo wazazi wa kwao Malangali, Ufipani, wanavyolindwa, na Coleta, ingawa alijifungulia Uswidi peke yake, kwenye baridi ya kugandisha mate, alitii kama aliyesimamiwa kwa kiboko.

Sasa ana homa. Kwenye simu ya video midomo yake imekauka, mtoto analia pembeni, na mlango unagongwa.

"Nani huyo?"

"Mama Yusufu. Wale Wairaki wa parokiani, mama. Wana chama chao, wanasaidia wageni: huyu wanamtafutia kazi, yule wanampeleka hospitali, aliyejifungua wanampikia. Kila siku wananiachia supu mlangoni. Naichukua wakishaondoka."

Monika, jirani aliyekuja kuazima chekeche akasahau kuondoka, akaangua kicheko. "Yaani Mfipa anaogopa jicho la Mwiraki! Dada, tunaoogopwa kwa uchawi si ndio sisi?"

Siku nyingine angejibiwa lake. Leo macho ya Rozina hayakubanduka kwenye simu. Alikuwa ameomba viza akamkande mwanawe kwa maji ya moto, kwa mikono yake mwenyewe, akanyimwa. Kilichobaki mkononi mwake ni lile katazo tu. Akilifuta, amemfanyia mwanawe nini?

"Mama, nasikia baridi," Coleta akasema. "Na damu haikati."

Monika akaweka chekeche chini. "Rozina, kitovu unakilinda. Na aliyezaa je?"

Rozina akaisogeza simu mdomoni. "Fungua mlango, mwanangu."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema mimi, nafuta mimi. Fungua!"

Picha ikayumba. Akaingia mama mnene mwenye msalaba shingoni. Hakusalimia. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la Coleta, akageuka akawaita wenzake waliokuwa kwenye ngazi. Wakamviringisha Coleta blanketi, mtoto akapakatwa, wakatoka mbio. Simu ikabaki kitandani, Rozina akitazama dari ya watu.

"Coleta! We Coleta!"

Nyayo zikarudi. Yule mama akaichungulia simu, akamwitikia Rozina kwa kichwa, akaitia mfukoni mwa koti.

"Bando litaisha," Rozina akanong'ona.

"Naongeza mimi. Usikate," Monika akasema, na safari hii hakutania.

Basi aliyenyimwa viza akasafiri gizani, mfukoni mwa mtu asiyemjua. Alisikia mlango wa gari ukibamizwa, alisikia mjukuu akilia. Sauti ya Coleta aliitafuta, akabana simu sikioni, akaitafuta tena.