Simu Iliyopaka Jicho Rangi

Mama mwenzangu, wewe unayempiga mtoto wako picha kila asubuhi ukawarushia ndugu, soma haya kwanza ndipo uendelee na kazi zako. Yalimpata Shagufta, mke wa Ashfaq, pale Gujrat, Pakistan, kwenye mji wa mafundi wa mapangaboi, na yanaweza kukupata wewe hapo ulipo.

Shagufta alikuwa jikoni anasukuma chapati alipomsikia shemeji yake akiita kutoka chumba cha mbele.

"Shemeji! Niletee nyota wangu!"

Shemeji huyo ni Waqas, mdogo wake Ashfaq. Nyota ni Minahil, bintiye Shagufta, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili. Kazi ya Waqas ni kushindanisha simu. Watu wanamtazama mtandaoni kutoka Gujrat mpaka Karachi, wapate kujua kamera ipi ni nzuri kabla hawajatoa pesa zao. Na ana kanuni moja asiyoivunja: kila simu ipige sura ile ile, mahali pale pale, kwa mwanga ule ule, ili isionewe hata moja. Sura yenyewe ni ya Minahil, maana watazamaji walikuwa wameshampenda.

Siku hiyo zilikuwa simu mbili. Moja kubwa, bei yake unanunua nyati wa maziwa, iliyoletwa na mwenye duka aliyetaka isifiwe. Ya pili ndogo, ya bei chee, zile wanazonunua wanafunzi. Waqas akafunga mapazia, chumba kikawa na giza la kiasi, akamkalisha Minahil kwenye kiti, akapiga kwa flashi. Akapiga na ile nyingine. Kisha akaziweka simu ubavu kwa ubavu.

"Njoo uone, shemeji. Hii kubwa, kope unaweza kuzihesabu. Hii ndogo ni takataka. Ona jicho lilivyotoka."

Shagufta akajifuta unga mikononi, akainama. Kwenye simu kubwa mtoto alikuwa kama wa kwenye kalenda, ngozi laini, macho meusi. Kwenye simu ndogo jicho la kulia lilikuwa jekundu, kama yanavyotoka macho ya kila mtu kwenye flashi. Lakini la kushoto lilikuwa jeupe. Jeupe la kung'aa katikati pale panapotakiwa weusi, kama jicho la paka aliyemulikwa na taa ya pikipiki.

"Mbona moja tu?" akauliza.

"Moja nini?"

"Jicho. Kama simu ni mbovu, si ingeharibu yote mawili?"

Waqas akacheka. "Basi njoo ukae hapa utangaze wewe, mimi nikasukume chapati."

"Chapati zako zitakuwa na pembe. Nimekuuliza, mbona moja?"

"Simu ya bei chee haina sababu, shemeji. Imekosea tu. Ndiyo maana inashindwa."

Kwenye kitanda cha kamba, karibu na mlango, alikuwa amekaa mama mkwe, Hajra Bibi, anamenya njegere. Akadakia.

"Mwacheni mjukuu wangu! Hayo ni macho ya paka, ya marehemu babu yake. Mimi nimeshaliona likimetameta jioni, nikanyamaza tu nisimtie kijicho. Damu yetu hiyo inajitokeza. Kwenu nyinyi macho ni meusi kama makaa, ndiyo maana unashtuka."

Katika nyumba ile macho ya rangi nyepesi yalikuwa fahari. Marehemu alisifiwa kwa macho yake mtaa mzima, na Hajra Bibi alikuwa akingoja mjukuu mmoja ayarithi. Akaacha njegere, akamchora Minahil doa la wanja kwenye paji la uso, hasidi asimdhuru. Jirani akaja kuazima chumvi, naye akaambiwa habari njema.

Shagufta akarudi jikoni. Chapati ya kwanza ikaungua.

Hapo ndipo tunapopotea wengi, mama mwenzangu. Simu inasema moja, ndugu wanasema lingine, na wewe uliyeishia darasa la tano unajiambia, mimi najua nini? Shagufta naye alijiambia hivyo. Akasema watanicheka. Lakini swali lake lilikuwa halijajibiwa, na swali lisilojibiwa ni kama mfupa wa samaki kooni, halishuki kwa kumeza mate.

Asubuhi yake Waqas alipotoka, akaichukua ile simu ndogo. Akafanya kama alivyomwona yeye anafanya: mapazia yale yale, kiti kile kile, flashi ile ile. Akaanza na mama mkwe.

"Unanipiga picha sina hata mtandio vizuri! Unataka kuniposesha?"

"Mara moja tu, Mama, halafu nakuacha."

Macho ya Hajra Bibi yakatoka mekundu kidogo, yote mawili. Akamwita Rameen, mtoto wa jirani. Mekundu, yote mawili. Akapanda juu ya paa, alikofungwa mbuzi wa kuchinjwa Idi, akampiga picha naye. Ya mbuzi yaling'aa yote mawili, lakini mbuzi ni mbuzi. Kisha akampiga Minahil kutoka mbele, akampiga kutoka upande, akamgeuzia kiti dirishani, akampiga tena. Jicho la kulia lilibadilika badilika. La kushoto lilikuwa jeupe kila mara.

Simu haikukosea. Mtu anayekosea hakosei mahali pamoja siku nzima.

Waqas aliporudi alimkuta amesimama mlangoni na simu mkononi.

"Nieleze," akamwambia. "Nieleze kama unavyowaeleza hao watu wako. Ile kubwa inafanya nini mpaka jicho linakuwa jeusi?"

"Shemeji, natakiwa kumaliza video, Ijumaa baada ya sala inatoka."

"Nieleze."

Akakaa, akaeleza, maana kueleza ndiko kunakomlisha. "Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga. Tunakiita kihisi. Cha hii kubwa ni kipana, kinaona hata gizani. Lakini picha unayoiona wewe si ile iliyoonwa na kihisi. Katikati kuna programu. Inachukua picha kadhaa inaziunganisha, inalainisha ngozi, inafuta vivuli. Na macho yakitoka mekundu au yaking'aa, inayapaka weusi. Huo ndio ufundi unaolipiwa."

"Inampaka mwanangu jicho bila kuniuliza?"

"Ikuulize nini? Nani anataka picha ya mtoto mwenye macho ya jini?"

"Na hii ndogo?"

"Ndogo haina akili hiyo. Inatoa kitu kama kilivyo."

"Basi mpumbavu ndiye aliyesema kweli. Izime hiyo akili ya kubwa."

"Picha itakuwa mbaya."

"Iwe mbaya."

"Mwenye duka akijua..."

"Waqas!" Alimwita kwa jina tupu, bila shemeji wala nini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aingie nyumba ile. "Izime."

Waqas akaingia kwenye mipangilio ya simu. Akazima kurekebisha macho, akazima kulainisha, akazima yote yaliyoweza kuzimika. Wakampeleka Minahil stoo, penye magunia ya ngano, ambako hakuna dirisha. Akapiga picha moja, akaikuza kwenye kioo.

Hakucheka tena. Simu kubwa, iliyoachwa ijisemee yenyewe, ilionyesha vizuri kuliko ile ndogo. Jicho la kulia lilikuwa zima. Ndani ya la kushoto palikuwa na kitu cheupe, na weupe wake ulikuwa na ukingo, kama tonge la maziwa yaliyoganda.

"Kihisi kilikiona tangu jana," Waqas akasema taratibu. "Kilikiona, programu ikakifunika. Na mimi nikaipa alama za juu."

"Alama zako baadaye. Mtoto anakwenda hospitali."

Hajra Bibi akasikia neno hospitali, akainuka. "Hospitali ya nini? Mtoto wa kike huyu! Ukimzungusha kwa madaktari wa macho, mtaa mzima utasema ni kipofu. Kesho nani atamposa?"

"Mama, hajaota meno yote, unamtafutia mume?"

"Usinijibu! Mwambie mumeo kwanza."

Shagufta akampigia Ashfaq kiwandani, katika mji wa mbali anakofanya kazi, makelele ya mashine nyuma yake. Ashfaq akasema ngoja likizo ya Idi, si mbali, tutakwenda wote. Akasema picha aliyotumiwa ilikuwa nzuri tu, macho meusi kabisa, ameshawaonyesha wenzake kiwandani. Shagufta akajua ni picha ipi. Akakata simu.

Hakubishana na mama mkwe. Akachukua bakuli la halua ya ngano, Minahil anaijua kwa harufu, akakaa naye chini mbele ya kitanda cha kamba. Akamziba jicho la kushoto kwa kiganja. Minahil akanyoosha mkono, akachota, akala, akajipaka mashavuni. Akamziba la kulia.

Mtoto akalia. Akausukuma mkono wa mama yake, akageuza kichwa huku na huku. Kisha akanyoosha mkono kutafuta halua, akapapasa hewani, pembeni kabisa ya bakuli lililokuwa mbele yake.

Hajra Bibi alitazama mkono ule mdogo unavyopapasa. "Babu yake," akasema, "babu yake alikuwa anaona mpaka sindano iliyoanguka uani usiku." Alikwenda ndani, akatoka na shuka lake kubwa la kujifunika, akamvisha mtoto viatu kwa mikono yake.

"Unangoja nini?" akamfokea Waqas. "Kalete pikipiki, uwapeleke stendi!"

Waliingia Lahore kwa basi, Waqas naye akiwa amefuatana nao, jua likiwa bado kali. Kwenye hospitali ya macho foleni ilikuwa ndefu, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Mhudumu akawaambia warudi kesho. Shagufta akasema harudi popote. Waqas, anayejua kuzungumza na maelfu kwenye kioo, alipotezwa maneno na mhudumu mmoja. Shagufta ndiye aliyeingia mpaka mlango wa chumba, akainua simu, akaonyesha ile picha mbaya.

Daktari, mwanamke mwenye miwani, akaitazama picha, akamtazama mtoto, akasema, "Aingie huyu sasa hivi."

Walimtia dawa ya matone, wakamulika, wakampiga picha za ndani. Daktari akamkalisha Shagufta. Hakumzungusha. Akasema kuna uvimbe ndani ya jicho la kushoto, kwa nyuma, ni saratani inayowapata watoto wadogo, inaonekana kama mwanga mweupe. Jicho lenyewe limeshakufa. Lakini vipimo havionyeshi kwamba uvimbe umepita kwenye mshipa wa jicho kwenda kichwani. Likitolewa mapema, mtoto ana nafasi nzuri ya kupona. Likiachwa, utapita.

"Mwanga huo mliuona lini?"

"Tuliuona," Shagufta akasema. "Tukaufurahia."

Ashfaq, aliyepigiwa simu na Waqas, akafika asubuhi ya pili, bado kavaa nguo za kiwandani. Sahihi ya baba ilitakiwa ndipo mtoto apasuliwe. Akaketi na kalamu mkononi, haandiki.

"Wenzangu wananiambia kuna mzee huko Jhang anatoa dawa ya kudondoshea," akasema. "Tujaribu mwezi mmoja. Jicho likishatolewa halirudi, Shagufta. Mtoto wa kike, uso wake..."

"Uso wake umeshaupenda kwenye simu," akasema Shagufta. "Ulivyopendeza uliwaonyesha wenzako. Mimi nimeuona usiopakwa rangi. Jicho hilo limekwisha, Ashfaq, hatugombanii jicho. Tunamgombania Minahil."

"Na kama daktari kakosea?"

"Mzibe la kulia, umnyooshee mkono bila kusema. Uone kama atajua ulipo."

Ashfaq hakuthubutu. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amelala mapajani kwa Waqas, mdomo wazi. Waqas alikuwa ameinamisha kichwa. Ile video ya Ijumaa haikutoka. Baadaye alitoa nyingine, akaeleza kihisi na programu, akawaambia wazazi namna ya kuizima programu hiyo, na mwenye duka akakasirika sana.

Hayo ni baadaye. Sasa hivi nakuambia wewe: picha nzuri si ushahidi wa afya. Zima urembo wa kamera yako, piga mtoto kwa flashi penye giza kidogo, tazama macho yote mawili. Mara moja jeupe, huenda ni pembe ya mwanga tu. Likirudia, usingoje Idi, usingoje mume, usiambiwe ni macho ya babu. Mpeleke. Na hata picha isipoonyesha kitu, lakini wewe umeliona jicho liking'aa au likienda pembeni, mpeleke vile vile.

"Tia sahihi," Shagufta akamwambia Ashfaq.

"Nipe muda kidogo."

"Muda wetu umeliwa na huo ugonjwa uliomo jichoni. Kama mkono wako mzito, sema, nitawaita waniruhusu niweke dole gumba langu mimi."

Ashfaq akaandika jina lake. Muuguzi akaja na kitanda cha magurudumu. Minahil akaamka, akaona watu wa nguo za kijani, akaanza kulia, na Shagufta akapanda naye juu ya kitanda kile kile, viatu na yote, akamkumbatia. Muuguzi akasema mama haruhusiwi kuingia.

"Mpaka mlangoni," Shagufta akasema. "Sukuma, dada. Twende."