Gari la Mkubwa Lipite Kwanza

Elkana Nyakwaka hakuwa na gari. Hakuwa na kadi ya benki ya kununulia vitu vilivyo ng'ambo. Hakuwa na jina la mtaa, kwa sababu alikokaa hapakuwa na mtaa. Palikuwa na njia ya ng'ombe iliyoiacha barabara ya Rongo na kuteremka mpaka kwenye ua wa michongoma. Hakuwa na nambari ya nyumba, ingawa nyumba zilikuwa tatu na hakuna mgeni aliyewahi kuzikosa. Hakuwa na simu ya mchana wala ya jioni. Na fomu ilipomuuliza jimbo lake, alijichunguza moyoni akaona hata hilo hana.

Mpaka asubuhi hiyo ya Agosti 1999 alikuwa amejiona mtu kamili. Sasa alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya Hodan mjini Homa Bay, kofia magotini, akihesabiwa mapungufu yake na mashine.

"Mzee, fomu haikubali nafasi tupu," Hodan alisema. Alikuwa mama wa makamo aliyeuza karatasi, kalamu na mihuri, na ndiye aliyekuwa na kompyuta ya kwanza mjini iliyounganishwa na simu.

"Iandikie kwamba mimi ni mwenyeji. Waulize watu."

"Haiulizi watu. Inaangalia tu pale hujajaza."

"Basi ni ukoo mmoja na karani wa chifu."

Huenda msomaji anataka kujua mtu wa miaka sitini na miwili, karani mstaafu wa mizani ya pamba, alikuwa akitafuta nini katika duka la Uingereza linalouza magari ya kuchezea. Haki yake kuuliza. Kosa lilikuwa la ndugu yake, au lake mwenyewe, inategemea unakula kwa nani.

Joash ndiye aliyemfuata Elkana kuzaliwa. Alikuwa akinunua samaki Sindo na kuwauza Migori, na mwaka ule, baada ya kubana matumizi mpaka suruali zikachoka, alinunua pikapu kuukuu ya kubebea samaki wake. Siku alipoileta nyumbani alimkuta Elkana amesimama katikati ya lango, mikono nyuma, kama nguzo iliyopewa cheo.

"Joash," alisema, "mdogo hupanda mbegu kabla ya mkubwa?"

"Hapana, owadwa," Joash alijibu, kwani hivyo ndivyo Mjaluo anavyomwita ndugu yake hata akiwa amekasirika.

"Hujenga kabla ya mkubwa? Huonja mavuno kabla ya mkubwa?"

"Hapana."

"Basi ataingizaje gari nyumbani kabla ya mkubwa?"

Hakuna babu aliyewahi kutamka neno kuhusu magari. Wazee wa ukoo waliitwa, wakala kuku wa Elkana, wakakubaliana na kuku. Ilitangazwa kuwa pikapu ikipita lango lile kabla ya gari la mkubwa, chira itaingia nayo, ule mkosi unaomkondesha mvunja mila mpaka mshipi wake uanze kumtafuta mwenyewe. Joash aliimba besi kanisani na chira aliiogopa siku za kazi tu. Lakini siku za kazi ni sita.

Basi pikapu ikawa inalala uani kwa Noordin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu, na samaki wakawa wanamalizia safari kwa toroli mpaka nyumbani kukaushwa. Jua halikuwa na habari za mila. Mara mbili mzigo mzima uliharibika njiani, na Risper, mke wa Joash, akawa ananuka sangara hata Jumapili, akiwa amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa.

Mwezi wa Julai Joash alikuja kwa kaka yake, akakataa kiti.

"Nimepata ploti Homa Bay kwa mtu anaitwa Monari. Shule zikifungwa Desemba, nahama. Mimi, Risper na watoto."

"Na nyumba yako hapa?"

"Popo watakaa."

Elkana alisema safari njema. Halafu hakulala siku tatu. Kwa miaka hamsini na sita alikuwa ameamshwa na kikohozi cha Joash upande wa pili wa ua, kikohozi kibaya, cha mtu asiyejali majirani, na sasa hakuweza kuiwaza asubuhi isiyo na kikohozi hicho. Lakini angerudije nyuma? Neno lilisemwa mbele ya wazee. Kuku ameliwa, na kuku haliwi kinyumenyume.

Ni Milka, mkewe, aliyemfungulia mlango, ingawa alikuwa anataka kumpiga nao.

"Baba Akoth, si ununue gari hata la kuchezea, mtoto wa watu aingie kwao!"

Alitarajia kelele. Elkana akaweka kijiko mezani. Sheria ilisema gari. Haikusema ukubwa.

Alizunguka Migori nzima. Alikuta magari ya kuvutwa kwa kamba, lakini akili yake ya ukarani ilikataa: kitu kinachovutwa kwa kamba ni mbuzi. Alitaka lenye injini, liende mbele na nyuma kwa amri ya mwenyewe. Ndipo akasikia habari za kompyuta ya Hodan. Mbuzi wawili wakalihama boma lake kwenda mnadani bila kuaga, naye akapanda gari la Homa Bay.

Picha za duka lile zilishuka kwenye kioo mstari kwa mstari. Hodan aliagiza chai. Kwanza walipata anga, baadaye paa, na chai ilipoisha walikuwa wamefika madirishani. Kando yake palikuwa na bidhaa nyingine: treni ndogo zenye stesheni zake, masanduku ya michezo yenye dadu na ngome za makaratasi, na askari wadogo kama punje za mahindi ambao mnunuzi alipaswa kuwapaka rangi mwenyewe.

"Watu hawa wana watoto wangapi?" Elkana aliuliza.

"Si za watoto, Mzee. Binamu yangu Zubair anaishi huko Birmingham. Anasema ni wanaume wazima, wana ndevu. Jumamosi wanakusanyika chumbani wanapigana vita na hao askari."

"Wake zao wako wapi?"

"Wamefurahi. Wanajua mume yuko wapi."

Habari hizo zilimpunguzia Elkana aibu nyingi. Kama mataifa yaliyotutawala yalikuwa yakipaka rangi askari wa kuchezea, yeye hakuwa amefika mbali. Akachagua pikapu nyekundu, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole, yenye magurudumu makubwa kuliko akili.

"Kuna nyeusi ya bei nafuu, ilishatumika," Hodan alisema.

"Iliyotumika ni ya Joash. Mkubwa anaingia na mpya."

Fomu ilishindwa pale Hodan alipoijaza kwa mtaa wa Zubair, mlango wa Zubair na kadi ya Zubair. Zubair alilipokea gari akalituma tena kwa posta, na wiki saba baadaye lilifika sanduku la Hodan likiwa limefungwa kama bibi harusi.

Lilibaki shauri moja: nani atasema kama ni gari? Wazee wangetaka kuku mwingine. Elkana akalipeleka kwa mama yao, Jedidah, mjane wa miaka themanini na mbili ambaye wazee wenyewe walimwogopa kwa kuwa aliwajua wakiwa uchi.

Jedidah alilitazama kutoka kwenye kigoda chake.

"Wuoda, mwanangu, hiki ni nini?"

"Gari, mama. Lina magurudumu manne."

"Kinyonga ana miguu minne. Tumpe namba ya usajili?"

"Lina injini."

"Liendeshe nione."

Elkana alibonyeza rimoti. Gari lilichomoka, likatawanya kuku, likazunguka kinu, na kabla hajakumbuka kitufe cha breki likamgonga mama yake kwenye kifundo cha mguu.

"Uuwi! Limenigonga!" Jedidah alipiga kelele, akashika mguu, akalitazama tena kwa heshima mpya. "Ni gari."

Siku ya kuingia ilipangwa Jumamosi. Kwa wiki nzima Elkana alifanya mazoezi, na ukweli lazima usemwe: siku mbili zilitosha. Siku zile nyingine alikuwa anacheza. Milka alimkuta nyuma ya ghala akipanda nalo vichuguu, akitoa mlio wa gia kwa mdomo.

Jumamosi saa nne alikuwa uani kwa Noordin, amevaa koti na tai. Noordin alitoka dukani akazunguka pikapu zote mbili, ya Joash na ile nyekundu.

"Leseni unayo, Mzee?"

"Aulize trafiki, si wewe."

"Betri nimepata mpya jana. Nikuwekee?"

"Zilizomo hazijaisha. Sibadilishi ng'ombe anayetoa maziwa."

Wakaondoka. Mbele lilikwenda gari la mkubwa, likirukaruka. Nyuma yake alitembea Elkana na rimoti, kifua mbele. Nyuma ya Elkana alikuja Joash kwenye pikapu, Risper na wanawake wa kanisa wamejaa nyuma, gia ya kwanza, kichwa nje ya dirisha, amepewa onyo asipite mbele kwa namna yoyote. Walipoingia njia ya ng'ombe, nyuma ya Joash likatokea trekta la miwa, na nyuma ya trekta baiskeli, na nyuma ya baiskeli ng'ombe wenye njia yao.

Dereva wa trekta, Mkisii aliyeitwa Mokaya, alivua kofia akaiweka kifuani.

"Poleni sana. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa!" Joash akajibu.

"Mbona mwendo ni wa jeneza?"

"Kuna gari mbele."

Mokaya alisimama kwenye kiti, akatazama, akatazama tena, akavaa kofia yake.

Ilibaki kama hatua arobaini kufika langoni, na Jedidah alishaonekana pale amekalia kigoda, pikapu nyekundu ilipoanza kuvuta pumzi. Ikaenda hatua mbili. Ikaguna. Ikasimama. Elkana alibonyeza kitufe mpaka ukucha ukabadilika rangi.

"Mzee!" Mokaya aliita. "Hiyo imekwama ama umeegesha?"

"Nyamaza wewe!"

"Si uibebe mkononi? Miwa yangu inakauka!"

"Gari likibebwa si gari, ni mzigo!" Elkana alisema, na hapo hata waendesha baiskeli walikubali kwamba mzee amesoma.

Joash alizima injini, akashuka. Alisimama karibu na kaka yake, akasema kwa sauti ya chini, "Owadwa, naweza kupita kwenye nyasi. Ni kidogo tu."

"Mama anatuona."

"Basi nigeuze. Niende nayo Homa Bay, na mambo yaishe." Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alisema kama mtu aliyeshafunga virago na anangoja tu mvua ipungue.

Elkana alilitazama lango. Akaitazama suruali yake iliyopigwa pasi kwa makaa asubuhi ile. Akainua tai, akaitupa begani, akapiga magoti vumbini mbele ya trekta, baiskeli na ng'ombe, akaanza kusukuma gari lake kwa kiganja.

Halikuwa jepesi. Magurudumu yalishika mchanga, na kila shubiri aliipata kwa kupumua kama fahali. Watu walicheka, kisha wakaacha, kwa maana aliendelea. Akahisi kivuli pembeni. Joash alikuwa amepiga magoti vilevile.

"Unafanya nini?" Elkana aliuliza.

"Gari la mkubwa likikwama, nani husukuma? Sogea."

Wakasukuma wawili, vipara vikikaribia kugongana.

"Weka gia huru," Joash alisema.

"Haina huru."

"Magari ya Wazungu haya."

"Joash, goti lako limepita mbele yangu."

"Halijapita."

"Limepita. Lirudishe."

Joash akarudisha goti. Wakaendelea hivyo mpaka kwenye miguu ya mama yao, na Jedidah akawatazama kutoka juu, wazee wawili wenye mvi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mliniondokea mkitambaa," alisema, "na naona mmerudi mkitambaa. Ingieni basi, mnafungia watu njia."

Magurudumu ya mbele yakavuka mstari wa lango. Elkana aliyatazama kwa makini, akahakikisha na ya nyuma, akalisogeza gari pembeni penye kivuli. Kisha akasimama, kwa taabu, akainua mkono kama askari wa barabarani.

"Leta," akasema.

Joash akaingia. Pikapu ilipita langoni ikitoa moshi na harufu ya samaki, Risper akapiga vigelegele, na Mokaya akapiga honi ya trekta mpaka ng'ombe wakageuka. Chira, kama ilikuwepo, haikupata nafasi nyuma. Palikuwa pamejaa wanawake wa kanisa.

Jumatatu Joash alivuka ua baada ya uji, akakikubali kiti.

"Mwandikie Monari," alisema, maana kalamu ya ukoo ilikuwa mkononi mwa Elkana tangu wakiwa vijana. "Mwambie sijengi tena."

Elkana alichukua karatasi nzuri, akaandika akisoma kwa sauti. "Kwa Bwana Monari. Salamu. Ndugu yangu Joash hataihitaji ploti yako. Tafadhali mpe mtu mwingine anayetaka kukaa mbali na kwao."

"Ongeza shukrani."

"Shukrani za nini? Alitaka kukuchukua."

"Ongeza, owadwa. Ni mtu mzuri."

"Nakushukuru," Elkana akaandika, kwa herufi ndogo, "kwa kuwa tayari." Akatia sahihi yake chini ya ile ya Joash, kisha akaona haifai, akachora mshale kuonyesha kwamba yake ndiyo ya juu. Akakunja karatasi mara tatu, akalamba gundi ya bahasha kutoka pembe hadi pembe, akaikandamiza kwa ngumi.

Joash alimpeleka mjini Migori, Elkana akiwa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa ili aonekane. Posta aliteremka peke yake. Aliingiza bahasha kwenye tundu la sanduku la barua, akaiachia, akalipiga sanduku makofi mawili ubavuni mpaka aliposikia imeanguka chini.