Nadhiri ya Kwenda kwa Miguu

Wilkista aliweka nadhiri ya kwenda Namugongo kwa miguu, na kwa kichwa chake kigumu, kwa miguu ni kwa miguu: hata boda ya kuvukia dimbwi hakutaka. Alikuwa ameiweka wakati mwanawe Herbert yuko vitani Somalia na simu yake imenyamaza. Mashahidi wa Uganda wamwombee arudi mzima, naye atawafuata hadi pale walipochomwa. Herbert akarudi, akapangiwa ulinzi kwenye kambi ya jeshi ya Kimaka, na mama akaanza visingizio: mara mvua, mara goti.

Sasa alikuwa njiani na kundi la parokia yake ya Mbale, nyuma ya bendera ya katekista Semei. Watu hudhani hujaji husali njia nzima. Sala za Wilkista zilimwishia Tirinyi. Kutoka hapo aliwaza malengelenge yake, akamchukia mwanamke aliyekuwa akiimba mbele yake bila kuchoka, na walipopita Iganga akaanza kugombana na Mungu waziwazi. Nimechelewa, ndiyo, lakini si ninakuja? Mwanangu usimguse. Alirudia hivyo mpaka ulimi ukamkauka, na hofu haikupungua.

Walipofika Mpumudde, kwenye kanisa walikopangiwa kulala, goti lilikuwa limevimba kama papai.

"Mama Herbert, kesho unapanda gari letu la mizigo na wagonjwa," Semei akamwambia. "Ukikataa, nakurudisha Mbale."

Wilkista akalia. Akipanda gari, nadhiri imevunjika. Nadhiri ikivunjika, Mungu atamchukua mtoto. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Jioni Herbert akaja kutoka Kimaka, sare bado mwilini, na chapati mkononi. Alimchua mama yake goti kwa dawa huku akimsikiliza akieleza habari ya nadhiri na gari.

"Mama, mimi pia niliahidi," alisema. "Kule Somalia, wenzangu wanakufa. Nikaambia Mungu, nikirudi mzima, bunduki sishiki tena. Naacha jeshi."

Wilkista akamtazama, kofia hadi buti. "Na hii?"

"Nilirudi, nikaona watoto wanataka kula. Nikasema mwezi ujao. Mpaka leo." Aliendelea kuchua. "Kila nikienda lindo naogopa."

Wilkista alitaka kumkaripia, lakini akaitazama ile mikono iliyokuwa ikimchua. Mtoto amevunja ahadi yake kila asubuhi akifunga kamba za buti, na huyu hapa, mzima, amenenepa, mikono inanuka dawa ya kuchua. Mungu angekuwa wa kulipiza, si wangekwisha kumzika zamani? Aliona haya kwa yote aliyomfikiria Mungu njia nzima.

"Usiogope, mwanangu," alisema. "Mungu si afande."

Herbert akainamisha uso kwenye lile goti, akalia kama hajawahi kuvaa sare.

Asubuhi kundi lilipoondoka likiimba kuelekea daraja la Nile, Wilkista alisaidiwa kupanda nyuma ya gari, akaunyoosha mguu juu ya gunia la unga. Akamwombea Herbert, na safari hii hakuahidi chochote.