Hita Iliyogoma

Tangu asubuhi Tharcisse alikuwa akiitukana hita ya gesi ya gari alimoishi na mama yake, lililoegeshwa nyuma ya maghala ya Downsview, huku ughaibuni kwenye baridi kali. Gesi ilikuwepo, jiko liliwaka, betri nzima. Lakini hita hiyo shenzi iliwaka kidogo tu ikazimika. Hasira zikampanda. Akaunganisha nyaya kuiruka swichi ya usalama, ile inayoizima hita penye hatari, ili iwake itake isitake.

“Angalau upepo hauingii tena, mwanangu,” mama yake, aliyefika juzi kutoka Bujumbura, akamwambia kwa fahari. “Lile tundu la nje nimelishindilia kitenge, kama tulivyoziba nyufa kule nyumbani.”

Tundu hilo ndilo la kutolea moshi wa sumu wa hita.

Kidole cha Tharcisse kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuiwashia.