Chanja ya Odeta

Wanawake wa mwaloni, ufukweni wanakoanika dagaa, walimjia Selina mchana kweupe, watu watano, wakakataa hata kiti. Msemaji wao alikuwa Mama Luhende.

"Mama Odeta, mwambie binti yako aishushe ile chanja yake ya miti na nyavu. Sisi wote tunaanika dagaa mchangani tangu tupate akili. Yeye ni nani wa kuanika juu?"

"Anasema za juu haziokoti mchanga."

"Kwa hiyo sisi tunauza mchanga?" Wakacheka, lakini si kicheko cha heri. "Wateja wote wanakimbilia kwake. Kama hiyo siyo chuma ulete, uchawi wa kuvuta mali za wenzako, ni nini? Tunakuonya tu. Watu wakishaanza kusema mchawi, hawaulizi mara mbili."

Neno hilo lilimkata Selina maini. Kwao alikozaliwa, bibi mmoja alifukuzwa kijijini kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho yenyewe ni moshi wa jikoni.

Jioni akamsihi mwanawe. "Anika chini kama wenzako. Utaniua kwa wasiwasi."

"Mama, kuku na mbuzi wanazikanyaga zile dagaa. Wewe mwenyewe huzili."

"Sizili, lakini nanyamaza!"

"Mimi siishushi," Odeta akasema.

Kesho yake Odeta alipokwenda Buzuruga kutafuta nyavu chakavu za kuongezea chanja, Selina akachukua panga, akashuka mwaloni. Dagaa zilikuwa zimekauka vizuri juu ya wavu, zinameta. Mkono ukasita. Akakata hivyohivyo. Miti miwili ikalala, upande mmoja wote ukamwagika.

"Huyo ndiye mama sasa!" Mama Luhende akapiga vigelegele. "Umekuwa mwenzetu!"

Wenzake wakaja na mabeseni. Zilizoanguka hawakuzigusa. Walizoa zilizobaki juu ya wavu.

"Hizi safi," mmoja akasema. "Leo wanangu watafurahi."

Selina akageuka. "Ebo! Dagaa za chuma ulete mnawapikia watoto wenu?"

Mama Luhende akajichekesha. "Ah, Mama Odeta, si maneno tu yale."

"Maneno tu? Nimekata jasho la mwanangu kwa maneno tu?"

Hawakuwahi kuogopa uchawi wowote! Walijua tangu mwanzo kuwa dagaa za Odeta ni nzuri kuliko zao. Miti ipo, nyavu kuukuu zipo, kila mmoja angeweza kujijengea chanja yake. Lakini wapi! Kumshusha aliye juu ndiyo kazi waliyoiona rahisi, na kwa kuwa hawakuwa na ubavu wa kukata wenyewe, wakautafuta mkono wa mama yake. Mzazi unayesoma haya, wakija kwako na onyo lao la upendo, angalia kwanza wamebeba beseni la nini.

Selina akawapokonya mabeseni, akayamimina wavuni moja baada ya jingine. "Mkitaka kumwita mchawi, anzeni na mimi niliyemzaa! Tokeni hapa!"

Odeta akafika na nyavu kichwani. "Nani kakata?"

"Mimi," Selina akasema.

Odeta hakulia. Alipiga magoti, akaanza kuokota dagaa mchangani. Selina naye akainama.

"Acha, Mama. Wangekata wao, nisingeshangaa."

Selina akauinua mti mmoja ulioanguka, akausimamisha kwa mikono miwili mbele ya mwalo mzima, akaushikilia hadi Odeta alipokuja na kamba.