Unafaa kwa Wenye Kisukari

Dada yangu hajawahi kuwa mwongo. Nalisema mapema kabisa, kwa sababu yote yaliyofuata yalianzia hapo: pale nesi wa kliniki ya kisukari alipomwona mwongo mbele ya benchi zima la wagonjwa, naye akarudi nyumbani, akaketi kwenye cherehani yake na asishone kitu mpaka jioni.

Jicho lake la kulia lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linafuata. Yeye ni fundi wa nguo tangu mimi sijaanza shule. Mama alipofariki, cherehani ile ile ndiyo iliyonilisha na kunisomesha. Sasa uzi ulikuwa unamshinda kupitisha kwenye tundu la sindano, ikabidi akae anasikiliza nyayo za wapita njia ili amwite mmoja amsaidie. Daktari wa macho alikuwa tayari kumfanyia upasuaji. Alichotaka ni kimoja tu, sukari ishuke kwanza, maana akipasuliwa ikiwa juu, kidonda kitasumbua kupona na jicho linaweza kupotea moja kwa moja. Mara mbili alipangiwa tarehe, na mara mbili akarudishwa nyumbani.

"Sukari kumi na saba," nesi alimwambia mara ya pili. "Mama, unakula nini kwa siri?"

Niliposimuliwa, damu ilinichemka. Eti kwa siri! Mtu huyu aliacha sukari kwenye chai siku ile ile aliyoambiwa ana kisukari. Soda hagusi. Keki ikiletwa na jirani anaipokea, anashukuru, anawapa watoto wa jirani mwingine. Wali aliuacha kabisa, na wali ndio chakula anachokipenda kuliko vyote duniani. Viazi akaviacha. Akabaki na maharage, mboga za majani na mkate. Tena mkate wenyewe si wa hivi hivi. Ni ule wa kahawia, ambao karatasi yake imeandikwa kwa herufi za kijani: UNAFAA KWA WENYE KISUKARI. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nampelekea. Na mimi ndiye niliyekuwa naukanda.

Nimefanya kazi bekari ile miaka tisa. Wenzangu walinibandika jina la Kiganja, nitaeleza kwa nini. Kila mfanyakazi alikuwa akitoka na mikate miwili kwa siku, na tangu dada augue nilichukua ya kahawia yote miwili, nikapitia kwake kabla sijafika kwangu. Karatasi nilimsomea mimi, maana herufi zilikuwa zimeshaanza kumkimbia. Nikamwambia hivi, kwa mdomo wangu huu: kula ushibe, dada, huu ni wenu.

Basi ilipofika tarehe ya tatu niliomba ruhusa kazini, nikaenda naye. Nilikwenda kwa shari, sifichi. Maneno ya kumwambia nesi nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi nikiwa naoga, na mkate mmoja nimeubeba kwenye mfuko wa plastiki kama ushahidi. Dada alishika daftari ambamo aliandika chakula chake cha kila siku, kwa herufi kubwa za kupinda. Maharage, mkate. Mboga, mkate. Miezi saba alikuwa akilibeba daftari lile, na hakuna aliyewahi kulifungua.

Nesi alimchoma kidole, akasubiri mashine, akasema kumi na sita na nusu. Akaweka kalamu chini. Kabla hajafungua mdomo, nikafungua wangu.

Nilimtolea uvivu. Nikamwambia ni aibu kumsimanga mtu mzima kama mtoto aliyekutwa na kijiko kwenye sufuria. Nikamwambia dada yangu anakufa njaa ili afuate masharti yao, na wao kazi yao ni kutazama namba tu, na kama mashine yao ni mbovu waitengeneze, wasimchafulie mtu jina. Mzee mmoja benchini akatikisa kichwa kunikubalia, nikazidi kupanda. Nesi alinisikiliza mpaka mwisho, na utulivu wake ndio ulioniudhi zaidi.

Nikautoa mkate, nikauweka mezani juu ya makaratasi yake. "Anakula huu. Soma mwenyewe."

Akasoma. Akaugeuza, akabonyeza, kisha akaniuliza unatengenezwaje.

Hapo nikatanguliza kifua. Nimeulizwa kazi yangu, jamani. Nikamwambia tunachukua unga wa ngano, akauliza upi, nikamjibu mweupe, magunia yote pale ni ya aina moja. Tunatia hamira, chumvi, mafuta, na sukari ya kuamshia hamira. Halafu inakuja rangi, na rangi ni fani yangu mimi. Sukari naiunguza kwenye sufuria mpaka iwe nyeusi na itoe moshi, naimwagia maji ya moto, nakoroga, na ile shira nyeusi ndiyo ninayoimimina kwenye unga ili mkate utoke kahawia. Mwisho, kabla trei haijaingia kwenye oveni, nanyunyiza pumba juu, kiganja kimoja kwa trei nzima, ndiyo maana wakaniita...

Nilikuwa naeleza kwa mikono, hivi ninavyokoroga, hivi ninavyonyunyiza. Mikono ikaganda hewani. Niliyasikia maneno yangu mwenyewe. Kila siku ya kazi nilikuwa nikiunguza sukari ile, halafu nafika kwa dada yangu na mkate kwapani nikimwambia ale ashibe.

Hakuna aliyecheka. Afadhali nesi angecheka, ningepata pa kushikia ugomvi. Badala yake alimgeukia dada, akalifungua lile daftari, akamwuliza swali ambalo miezi saba hakuna aliyelifikiria: vipande vingapi?

Dada akahesabu kwa vidole. "Kumi na viwili kwa siku. Njaa ikinizidi, kumi na vinne."

"Mama, nisamehe," nesi akasema. "Nilipaswa kuuliza hivi siku ya kwanza."

Alieleza polepole, na kuelewa kukaniuma kuliko kutukanwa. Ile sukari ya kuunguza ilikuwa ndogo tu, akasema, balaa lenyewe ni unga. Mkate ni wanga, sawa na wali, sawa na viazi, sawa na uji, na wanga ukishafika tumboni unageuka sukari. Hata mkate wa unga usiokobolewa, wa kweli, unahesabiwa, ila wenyewe unaingia mwilini taratibu kidogo. Vipande viwili kwa mlo, basi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo maharage, na robo inayobaki ndiyo ya wanga. Dada akauliza kwa sauti ndogo kama wali umekatazwa. Nesi akasema haujakatazwa, ila siku ya wali asile mkate mlo huo, na wali wenyewe usizidi ngumi yake. Dada akakunja ngumi, akaisogeza karibu na jicho lake la kushoto, akaitazama. Miezi saba alikuwa amejinyima wali bure.

Nilimfikisha nyumbani, nikaenda bekari moja kwa moja.

Bosi alikuwa ofisini, boksi la karatasi mpya za kufungia mkate liko miguuni pake. Nilimwambia herufi za kijani zitoke leo hii. Akaniambia sukari ikiungua inakufa, haiitwi sukari tena, maneno yale yale aliyoniambia siku niliyoanza kazi nami nikayameza kama vidonge. Kisha akasema neno "unafaa" halimdanganyi mtu, mbona wateja wanarudi? Kuna hata mmoja aliyewahi kulalamika?

"Wanaolalamika wanaitwa waongo kliniki," nikamwambia.

Akacheka. Akasema mimi ni fundi wa unga, ya madaktari niwaachie madaktari, ninawe mikono nirudi kazini. Yaani nimemletea habari ya watu wanaoumia, na yeye ananituma ninawe mikono.

Nilinawa kweli. Kisha nikaishika sufuria ya sukari kwa kitambaa, bado inatoa moshi, nikaipeleka mbele dukani, nikaitua kaunta katikati ya mikate. Watu walikuwa wamepanga foleni. Nikawaambia hii ni nini na inaingia wapi. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wetu wa kila siku, aliinama akanusa, akauliza kama hii ndiyo imo kwenye mkate alioushika. Nikamjibu ndiyo, mwalimu, na unga ni ule ule wa mkate mweupe, na anayeitia rangi ni mimi. Akasema mke wake amekuwa akiula miaka sita. Aliurudisha kaunta taratibu, akatoka bila kuniaga.

Kazi iliishia hapo, hilo halikunishangaza. Kilichonichoma ni kwamba baada ya wiki mbili herufi za kijani zilibadilika kweli, zikasomeka MKATE WA AFYA BORA. Mkate ni ule ule. Karatasi ya zamani niliihifadhi, nikaipeleka kwa wakaguzi wa vyakula, wakaniambia nirudi kesho, na kesho hiyo nimeshairudia mara nne.

Dada alipima wanga wake kwa ngumi na kwa vipande, kila wiki nesi akimrekebishia dawa. Wiki ya sita sukari ikasoma nane. Daktari wa macho hakumrudisha tena, akamfanyia upasuaji.

Alipopewa miwani nilikuwa kwake. Alikaa kwenye cherehani, akalamba ncha ya uzi, akaupitisha kwenye sindano mara moja tu, wala hakujisifu. Kisha akaniuliza kama ile karatasi bado ninayo. Nikaitoa mfukoni. Aliinyoosha juu ya goti, akaisoma kwa sauti, neno moja moja, kwa mara ya kwanza. Nikaanza tena kumlaani bosi, nikamlaani na mkaguzi na kesho zake, mpaka sauti ikanikauka.

Aliningoja nimalize.

"Mimi sikuwa na macho," akasema. "Wewe je?"

Hajawahi kuwa mwongo, nimeshasema. Akanirudishia karatasi yangu, akaendelea kushona.